Kisangani mpaka Kinshasa kwa mto: siku zinakwenda wapi, na nani anazilipa?



Kila mwaka, kisha defanse, kuko wadogo wanaokuja kuniuliza swali moja: "Yaya, nikinunua mahindi hapa Tshopo na kuyapeleka Kinshasa kwa bato, nitapata faida?" Mimi ni lisansie wa agronomia na mto huu nimeushuka mara mbili nikisindikiza mizigo ya familia, kwa hiyo wanafikiri niko na bei mfukoni. Ninawajibu kwamba bei inakuja nyuma. Mbele ya bei, hesabu siku. Mzigo wako unaweza kukaa siku ngapi ndani ya bato bila kuharibika? Leo nataka kueleza siku zile zinapotelea wapi, kusudi anayetaka kujaribu komersi ya mto aanze na macho wazi.

1. Mto wenyewe

Kisangani iko pale mto unapoanza kuwa njia ya kweli. Juu yetu kuko maporomoko 7 ya Boyoma, kuanzia upande wa Ubundu mpaka hapa kwa Wagenia. Bato haipiti, njo maana wakati wa ukoloni walijenga reli ya Kisangani-Ubundu, kilomita 125, iliyomalizika mwaka 1906. Chini yetu hakuna poromoko hata moja mpaka Kinshasa, kilomita zaidi ya 1,700.

Mtu anaweza kusema: basi, si kazi rahisi? Hapana. Mji wetu uko karibu mita 390 juu ya bahari, na Kinshasa, kwenye Pool Malebo, iko karibu 280. Gawanya mita hizo 110 kwa urefu wa mto: unapata sentimita 6 ao 7 kwa kilomita. Maji yasiyo na mteremko yanatawanyika. Yanazaa visiwa, yanajigawa mikono mingi, yanaacha michanga ambayo mwaka huu iko hapa na mwaka kesho imehama. Kuko fasi ambako mto unapita kilomita 10 kwa upana, na bado bato inakwama.

Kwa hiyo mbele ya bato kubwa unaona vijana wamesimama na miti mirefu, wanapima maji na kupaza sauti kwa kapiteni. Kuweka alama ndani ya mto ni kazi ya Régie des voies fluviales. Pale alama hazionekani, kapiteni anategemea kichwa chake. Usiku, kapiteni mwenye akili anafunga kamba kwa mti na kungoja asubuhi. Hapo umeshapoteza nusu ya kila siku.

Kitu kimoja kinatusaidia: mto unavuka ikweta mara mbili, mara ya kwanza kati ya Ubundu na Kisangani, mara ya pili upande wa Mbandaka. Mvua za kaskazini na za kusini hazianguki wakati mmoja, na mto haukauki kabisa. Lakini unashuka, na wakati maji yako chini barje inapakia kidogo ao inakwama siku nzima.

2. Bato na masoko yake

Wazee wetu wanakumbuka bato za ONATRA, ile iliyoitwa pia SCTP, kama Colonel Ebeya, zilizokuwa na kabini na barje za watu kando. Leo sehemu kubwa ya kazi iko kwa watu binafsi: konvoa za barje zinazosukumwa na pusere moja, na baleniere za mbao zenye mota. Kushuka kwa baleniere, kama mambo iko muzuri, ni wiki moja ao mbili. Konvoa inaweza kuchukua wiki tatu ao mwezi. Kupanda kutoka Kinshasa ni kurefu zaidi, juu unapigana na maji.

Mota peke yake haielezi siku zote hizo. Bato yetu ni soko linalotembea. Ukitoka Kisangani unapita Yakusu, kisha Yangambi, kisha Isangi pale Lomami inaingia ndani ya mto. Halafu Lokutu na mashamba yake ya michikichi yaliyoanza na kampuni ya Lever tangu mwaka 1911. Halafu Basoko kwenye mdomo wa Aruwimi, Bumba ya mpunga na mahindi, Lisala, Mbandaka, Lukolela, Bolobo, mpaka Kwamouth ambako Kasai inaingia. Kila fasi kuko kusimama, kupakia, kubishana juu ya taksi, kungoja mzigo wa mtu fulani. Bato moja niliyopanda ilikaa siku nne kwenye kijiji kimoja ikingoja magunia ya mwenyeji wao, na hakuna aliyetuambia kitu.

Hata ikitembea, soko haliishi. Mitumbwi inakuja kutoka vijijini, inajifunga kando ya bato. Mama anapandisha samaki wa kuvuta, chikwange, makemba. Anashuka na chumvi, sabuni, dawa, betri. Walokele wanajua biashara hii tangu zamani. Kwa kijiji kisichokuwa na barabara, bato njo duka, famasi na habari za mji. Kwa hiyo tusilaumu kapiteni kila mara akisimama: kisimamo kinachokupotezea wewe siku moja, kwa mama yule njo soko lake la mwezi.

3. Kwingine siku zinauzwa

Fikirieni mto Mekong, kusini-mashariki mwa Asia. Unafanana na wetu kuliko tunavyodhani. Kule Laos kuko maporomoko ya Khone yanayofunga njia sawa Boyoma, na Wafaransa nao walijenga reli ndogo juu ya visiwa kusudi wayapite. Leo, kaskazini mwa Laos, watalii wanapanda mashua ya polepole kutoka Huay Xai mpaka Luang Prabang: siku mbili, na usiku wanalala Pakbeng. Chini zaidi, kati ya Kambodia na Vietnam, meli zenye kabini zinafanya siku 7 ao 8, zikisimama kwenye vijiji na masoko. Mgeni analipa kusudi safari iwe ndefu. Kila kisimamo ni sehemu ya kile alichonunua.

Kwetu kisimamo ni kilekile, kijiji ni kilekile, mama na kikapu chake ni yuleyule. Tofauti ni nani anabeba siku ile. Kule mtalii anailipa na kushukuru. Huku mkulima anailipa, na mara mingi hajui, juu anailipa ndani ya gunia.

4. Siku zinakula nini

Hapa ninarudi kwa kazi yangu.

Muhogo mbichi: kisha siku 2 ao 3 ndani yake kunaanza michirizi ya rangi nyeusi na hakuna mnunuzi. Tena zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji, kwa hiyo unalipa usafiri wa maji juu ya mto! Upeleke kosete zilizokauka vizuri.

Makemba: yanasafiri muzuri mpaka Isangi ao Basoko. Kwa Kinshasa yataiva ndani ya bato, na bei mtapangiwa na mama wa njiani.

Mahindi: punje ziwe na unyevu wa asilimia 13 hivi. Zikiwa mbichi, wiki tatu chini ya bashi yenye joto zinazaa ukungu, na ukungu fulani unatoa aflatoksini, sumu inayoharibu maini. Huna mashine ya kupima? Weka punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, tikisa dakika chache. Chumvi ikishika kwa chupa, mahindi hayajakauka, usipakie.

Mpunga: usiokobolewa unavumilia kuliko mchele.

Mafuta ya mawese: ngazi zikingoja siku mingi mbele ya kupikwa, asidi inapanda, maji yakibaki ndani ya bido, inapanda tena. Pika haraka, kausha mafuta, funga vizuri. Na tukumbuke, hapa nyumbani, Yangambi, kituo cha INEAC kilichoanzishwa 1933 na leo kiko chini ya INERA, njo Beirnaert na Vanderweyen walieleza mwaka 1941 namna dura na pisifera zinazaa tenera, mchikichi wenye mafuta mengi. Dunia nzima inapanda tenera. Siku zetu za mto bado zinakula mafuta yetu.

Kakao na kahawa: zikifanyiwa kazi vizuri na kukaushwa, zinangoja bato bila wasiwasi.

Mnaona kanuni: peleka kitu kikavu, chepesi, chenye thamani kwa kilo. Kazi ya kukausha na kukoboa ibaki Tshopo, na faranga zake pia.

5. Siku na maisha

Mzigo unaweza kununuliwa tena, mtu hapana. Aprili 2025, karibu na Mbandaka, baleniere ya mbao ilishika moto wakati mtu alikuwa anapika ndani, na watu zaidi ya 100 walikufa. Septemba mwaka uleule, upande wa Lukolela, ikatokea tena. Safari ndefu inamaanisha kupika ndani, makaa na mazutu kukaa pamoja, watu kulala juu ya magunia. Kwa hiyo: nunua jile yako mwenyewe mbele ya kwenda bichi. Uliza kama bato inasimama usiku. Angalia fasi ya kupikia iko mbali na mazutu. Ukiona maji yanakaribia ukingo wa mbao mbele hata ya kutoka, shuka, hata kama umeshalipa tiketi.

Kwa mdogo anayeuliza juu ya faida, basi: chukua bei ya Kinshasa, toa usafiri na taksi za njiani, kisha hesabu mzigo wako kama safari itachukua siku 30, hapana 12. Kama bado kuko faida, paki. Kama haiko, kausha kwanza, ao uza Isangi.