Namna ya kuvalisha stilo ya plime koti ya mbao

Wanafunzi wenzetu na walimu wetu,

Mwaka huu mulituona mara nyingi nyuma ya atelie, mikono yetu myekundu kwa vumbi ya mbao. Wengine kati yenu walicheka wakisema: «Biki iko ku kila meza ya soko, ninyi munajisumbua bule!» Leo tunataka kuwajibu, na kuwafundisha kazi ile kusudi yule anayependa aijaribu pia.

Mambo yalianza hivi. Mwalimu wetu mumoja muzee alikuwa na stilo ya plime tangu ujana wake. Alisahihisha nayo kazi za wanafunzi wengi, na pengine za wazazi wenu pia. Siku moja ilianguka ku simenti. Mwili wa plastiki ulipasuka katikati, lakini plime haikuguswa, kifuniko kilibaki kizima, na mudomo wa mwili wenye skuru ulibaki muzuri. Alitaka kuitupa. Tulimuomba atupatie. Tulijua kama mwisho wa mwaka anaacha kazi na kurudia kwao, na kulikuwa kumebaki juma sita tu. Plime ingine ya namna ile hatukuipata ku soko. Basi tulikuwa na ile moja tu, na tukiivunja, kazi imekwisha.

1. Stilo ya plime ni kitu gani?

Neno «kalamu» lilitoka katika Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni tete. Kweli, zamani watu walichonga tete, wakapasua ncha yake kidogo, wakachovya katika wino na kuandika. Nenda ku ngambo ya Lukuga, kata tete moja, ichonge, utaona kama inaandika vizuri. Shida ni moja: kila nyuma ya maneno machache shurti uchovye tena.

Watu walitafuta sana kalamu inayobeba wino wake yenyewe. Mwaka 1827 Petrache Poenaru, mwanafunzi kutoka Romania, alipata hati ya uvumbuzi katika Ufaransa kwa kalamu ya namna hiyo. Mwaka 1884 Lewis Waterman alipata hati yake katika Marekani, na stilo zake zilijulikana fasi nyingi. Biki ilikuja nyuma: László Bíró wa Hungaria aliandikisha kalamu ya kigololi mwaka 1938, na Marcel Bich alianza kuuza biki yake katika Ufaransa mwaka 1950.

Namna gani wino unashuka bila kumwangika? Angalia utambi wa taa ya petroli. Petroli inapanda yenyewe katika uzi, kwa sababu kitu cha majimaji kinapenda kuingia katika njia nyembamba. Ndivyo ilivyo katika stilo. Plime iko na mupasuko mwembamba, na chini yake kuko kipande chenye mufereji mudogo, sisi tunakiita ulimi. Wino unafuata mufereji ule mpaka ku karatasi. Lakini wino ukitoka, shurti hewa iingie ku tanki kushika fasi yake. Ulimi unafanya kazi zote mbili: kushusha wino na kupandisha hewa. Kwa hiyo tunawaonya: ulimi na plime hazichongwi kwa mbao ku atelie yetu. Tulilinda plime, ulimi, shingo, tanki na kifuniko cha zamani. Mbao ilikuwa kwa mwili tu, ni kusema koti.

2. Mbao gani?

Mbao ya kwanza ilitushinda. Tulikata tawi bichi, tukalichonga siku ileile, na tukafurahi sana. Nyuma ya siku tisa lilipasuka. Sababu ni hii: mbao bichi imejaa maji. Ikikauka inapunguka kwa upana, lakini kwa urefu inapunguka kidogo sana. Tena maji yanatoka mbio zaidi ku ncha mbili, basi ncha zinavutana na katikati, na mbao inapasuka. Mutu akiwa na mbao bichi tu, apakae nta ku ncha zote mbili na kuiweka kivulini miezi mingi.

Fundi mumoja wa viti alitucheka, kisha akatupatia muguu wa kiti cha zamani kilichovunjika. Ilikuwa mulombwa, ule muti ambao ndugu zetu wa Tanzania wanauita mninga. Ukiukata unatoa maji mekundu kama damu. Mbao yake inajulikana kwa sababu ikisha kukauka haisumbuki sana wakati wa mvua na wakati wa jua, na randa inaipita vizuri. Mpingo ni nzuri pia, ndiyo wanatengenezea klarineti, lakini ni ngumu sana kwa vyombo vya mukono.

Musiende kukata muti muzima kwa ajili ya kalamu. Muko na habari ya mukula, ndugu ya mulombwa, uliokatwa kwa wingi katika Katanga na Zambia na kupelekwa Uchina. Mwaka 2019, katika mukutano wa Geneva, mukula uliandikwa katika orodha ya CITES kusudi biashara yake kati ya inchi na inchi ichungwe, na mwaka 2022 miti yote ya jamaa ile katika Afrika iliandikwa pia. Kalamu moja inaomba kipande cha urefu wa kidole. Fundi yeyote wa mbao anatupa vipande vya namna ile kila siku.

3. Kazi yenyewe

Vyombo ni hivi: musumeno mudogo, randa, tupa, kekee ya mukono (chombo cha kutoboa kwa kuzungusha) na ncha yake ya milimetre 10, musasa wa namna tatu, rula, na kole ile ya tube mbili inayochanganywa. Umeme hauombwi, na hiyo ni faida kubwa, munajua wenyewe sababu gani.

Kwanza, kata kipande cha urefu wa sentimetre 8, na pande zake nne ziwe milimetre 20. Mishipa ya mbao ifuate urefu. Ikikatiza, koti itavunjika.

Pili, toboa mbele ya kuchonga. Hapa wengi wanakosea, na sisi pia. Ukichonga duara kwanza, tundu ikienda upande kidogo tu, kazi imeharibika. Lakini ukitoboa kipande chenye pande nne, unaweza kusahihisha. Funga kipande vizuri ku meza. Mumoja azungushe kekee, mwingine asimame kwa upande aangalie kama iko wima. Kila nyuma ya sentimetre moja, toa ncha na kuondoa vumbi, kwa maana vumbi ikijaa ndani, ncha inapata moto na inapotea njia. Kipande chetu cha pili kiliharibika hapa: tulikuwa na haraka ya kwenda kucheza mupira, ncha ikatokea ku mbavu.

Tatu, tobea mpaka ngambo ingine na upime. Ukikuta upande mumoja uko na unene wa milimetre 6 na upande wa ngambo milimetre 4, piga randa upande ule wa 6 mpaka tundu irudi katikati. Endelea mpaka pande zote nne ziwe milimetre 15.

Ine, geuza pande nne kuwa nane. Hapa hesabu ya darasa inasaidia. Zidisha upana kwa 0,29: kwa milimetre 15 unapata karibu 4,4. Kwa kila upande, piga mistari miwili, kila mumoja milimetre 4,4 kutoka ku kona. Ondoa kona mpaka ku mistari, na utapata pande nane sawasawa. Kisha ondoa kona ndogo za zile nane, zinakuwa 16, na mukono hausikii tena kona. Maliza kwa musasa, ule mukali kwanza na ule mulaini mwisho, ukifuata urefu wa mbao. Ufunge kitambaa ku kinywa na pua, kwa maana vumbi ya mbao ni mubaya kwa kifua.

Tano, kata mudomo wa mwili wa zamani, ule wenye skuru, urefu wa sentimetre 2. Sisi tuliusugua na tupa mpaka ukaingia katika tundu bila kulazimishwa. Paka kole inje yake, lakini ndani ya skuru paka nta kwanza, kusudi kole isishike kule. Ku ncha ingine ziba tundu na kizibo cha mbao ileile. Acha usiku muzima. Tena upake verni kidogo ndani ya tundu, kwa sababu mbao inakunywa wino.

4. Mafuta

Mwenzetu mumoja alileta mawese, akisema inaangaza vizuri. Kweli iliangaza, lakini ku kipande cha kujaribia tuliona kama haikauki. Mukono unateleza, vumbi inashika, na nyuma ya siku kadhaa inanuka. Mafuta mengine, kama ya kitani, yanakauka yenyewe hewani. Sisi tulitumia nta ya nyuki, tukaisugua na kitambaa mpaka mbao ikapata moto kidogo. Ikichakaa, unaisugua tena.

5. Kuitunza

Usitie wino wa muhuri katika stilo ya plime, utaziba ulimi. Ikiziba, uioshe kwa maji baridi, hapana kwa maji ya moto. Uibebe ikisimama, plime juu. Tanki ikiwa nusu tupu na jua ni kali, hewa ya ndani inapanuka na kusukuma wino inje. Ni vilevile kwa mutu anayepanda kutoka ku ziwa mpaka milima ya Marungu: kule juu hewa ya inje inapunguka nguvu, ile ya ndani inasukuma. Kwa safari kama ile, jaza tanki ao uiache tupu kabisa.

Kwa kumaliza

Kipande cha tatu hakikupasuka. Tulifunga plime siku mbili mbele ya masomo kwisha, na hakuna mutu kati yetu aliyekubali kuijaribu wa kwanza, kwa woga. Tuliipeleka hivi kwa mwalimu. Aliigeuza mara nyingi, akauliza ni mbao ya nini. Tulimwambia ni muguu wa kiti. Akajaza wino, akavuta karatasi, na akaandika majina yetu sisi wote watano, moja kwa moja, kwa mukono ule tunaoujua ku pembeni ya kazi zetu. Ku jina la ine alisimama, kwa maana lilikuwa na kosa la maandiko: kwa miaka sita tulikuwa tunaliandika vibaya, na mwenyewe hakusema. Akasahihisha.

Kwa wale waliocheka: biki ni nzuri, na sisi tumeandika habari hii kwa biki. Lakini biki ikipasuka munaitupa. Stilo ile, yule muzee alikuwa ameanza kuitupa pia, na sasa amekwenda nayo.

Yule anayetaka kujaribu, atuone nyuma ya atelie siku ya posho. Alete kipande cha mbao kavu, na aache haraka nyumbani.