Pikapu ya Gitaa na Skrubu Zake Mbili

Nikitaja pikapu usidhani nasema ile gari ya kubebea kabeji sokoni. Hii yangu ni kile kijisanduku kilicho chini ya nyuzi za gitaa la umeme. Ndani yake mna sumaku, na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo huzaliwa katika waya ule na kupelekwa kwenye amplifaya. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hazifui dafu hapa.

Gitaa la kanisa letu lilikuwa na aibu. Nyuzi nyembamba, zile zinazolizwa sana katika benga, zilinong'ona tu, hali nyuzi nene zilinguruma. Mjomba, ambaye ndiye mpigaji, alikuwa ameambiwa na fundi mmoja anunue pikapu mpya. Pesa ziko wapi? Mimi nikaomba bisibisi.

Pikapu hushikwa na skrubu mbili, moja kila upande, na kila skrubu imevaa springi au kipande cha mpira. Katika gitaa letu, ukikaza skrubu pikapu hupanda, ukilegeza hushuka. (Yako magitaa ambayo pikapu imefungwa kwenye mbao yenyewe, na huko mambo ni kinyume.) Basi mpira wa upande wa nyuzi nyembamba ulikuwa umeoza, skrubu ikajilegeza polepole, pikapu ikainama. Nikatoa springi katika biro kuukuu, nikaikata, nikaitia. Kisha kwa tamaa nikakaza pande zote mbili hadi pikapu ikakaribia kugusa nyuzi.

Lo! Jumapili sauti ilikuwa kubwa kweli, lakini uzi mnene ukibonyezwa juu kabisa shingoni ulilia kama watu wawili wanaobishana. Mjomba aliukaza na kuulegeza wimbo mzima, wapi! Kumbe sumaku ikisogea mno huuvuta uzi, usitikisike kwa uhuru wake.

Siku hizi nabonyeza uzi kwenye mstari wa chuma wa mwisho shingoni, ndipo napima kwa rula kutoka pikapu hadi chini ya uzi: kama milimita 2 upande wa nyuzi nene, ambazo hutikisika kwa upana zaidi, na 1.5 upande wa nyembamba. Halafu nasikiliza, nikizungusha skrubu robo mzunguko tu kila mara. Jumapili iliyofuata Mjomba hakukaza uzi hata mmoja katikati ya wimbo.