Mashine za fedha: kazi ya keshia ilikwenda wapi?

Wafanyabiashara wengi huamini kuwa mashine ikiingia mlangoni, mfanyakazi hutokea dirishani. Historia ya mashine za kutolea fedha, maarufu kama ATM, inaonyesha kuwa hesabu si nyepesi kiasi hicho.

Benki ya Barclays ilizindua mashine ya namna hiyo Enfield, kaskazini mwa London, Juni 27, 1967. Zilipoenea Marekani, ilitarajiwa kuwa makeshia wangekwisha. Matokeo yakawa kinyume. Mwaka 1980 makeshia wa benki nchini humo walikuwa kama 500,000. Mwaka 2010, mashine zikiwa zimefikia kama 400,000, makeshia walikuwa kama 550,000.

Mchumi James Bessen alieleza sababu. Kati ya mwaka 1988 na 2004, makeshia waliohitajika katika tawi la mjini walipungua kutoka wastani wa 20 hadi 13. Gharama za kuendesha tawi zikashuka, na benki zilizokuwa zikigombea wateja zikaongeza matawi ya mijini kwa asilimia 43. Aidha, kazi yenyewe ilibadilika: aliyekuwa akihesabu noti alianza kuuza mikopo na kushauri wateja.

Hata hivyo, nafuu hiyo haikudumu. Huduma zilipohamia kwenye simu, mteja hakuhitaji tena kufika kwenye tawi. Mwaka 2022 makeshia wa Marekani walikuwa chini ya 400,000.

Afrika Mashariki ilipita njia ya mkato. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka 2008, wakati wananchi wengi hawakuwa na akaunti ya benki. Hapa simu haikumfukuza keshia. Ilizaa kazi mpya ya wakala, mwenye duka au kibanda. Baadaye benki zenyewe ziliruhusiwa kutumia mawakala, Kenya mwaka 2010 na Tanzania mwaka 2013.

Lakini wakala naye anaishi kwa noti. Kamisheni yake hutokana na mteja kuweka au kutoa fedha taslimu. Mteja anapomlipa muuzaji moja kwa moja kwa simu, kama ilivyowezekana kupitia Lipa Na M-Pesa iliyoanza Kenya mwaka 2013, fedha hazipiti kibandani na kamisheni haipo.

Kwa hiyo, anayetaka kufunga mtaji wake kwenye floti ajiulize maswali mawili. Je, teknolojia mpya inapunguza gharama ya huduma kiasi cha kuvuta wateja zaidi? Hapo kazi huongezeka, kama ilivyokuwa kwa matawi. Au inaondoa kabisa sababu ya mteja kuja? Hapo hata kibanda chenye foleni leo kina siku zake. Wakala anayeuza na bidhaa nyingine ana pa kushika foleni ikikatika. Anayetegemea kamisheni pekee hana.