Fahamu: Samaki wanapokosa oksijeni mtoni
Machi 2022 samaki walielea wamekufa kwenye Mto Mara, maji yakiwa meusi na yenye harufu kali. Kamati ya Serikali ya Tanzania ilitaja kinyesi na mkojo wa mifugo: uchafu ukioza, humaliza oksijeni majini.

Mto ukizibwa, hatari huongezeka. Maji ya chini ya bwawa hayagusani na hewa, na miti iliyozama huoza humo. Kupuliza hewa hadi chini husaidia, ila hula umeme. Kwa bwawa kubwa ni afadhali maji yanayoachiwa mtoni yachotwe juu.

Kwa malambo ya mkoa wa Simiyu, naona dawa ni mabirika ya kunyweshea, ng'ombe wasiingie majini. Ukiona samaki wakihema juu ya maji alfajiri, mwarifu afisa uvuvi mapema.