Tairi Likilika Upande Mmoja, Tusimlaumu Dereva Kwanza

Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo linaloonekana dogo, lakini linaweza kumaliza pesa za kikundi na hata kuvunja kikundi chenyewe. Ni juu ya magurudumu ya mbele ya pikapu na jinsi yanavyonyoshwa, kazi ambayo mafundi wanaiita alaimenti.

Kikundi kimoja tunachotembelea kina pikapu ya zamani, Peugeot 504, ya kupeleka maziwa na viazi sokoni. Katika mwaka mmoja kilinunua matairi ya mbele mara tatu. Mara ya tatu pesa zilitoka katika akiba iliyowekwa kwa ajili ya karo za watoto. Mkutano ukawa moto. Mama mweka hazina akasema, "Huyu kijana anatumaliza. Kama haendeshi mbio, basi anauza matairi yetu." Dereva akaapa kwamba hajui lolote. Sisi tuliitwa kusuluhisha, na tunakiri kwamba hata sisi tulianza kumtilia shaka.

Ndipo mzee mmoja aliyekuwa fundi wa baiskeli akauliza, "Kwani kuna mtu ametazama hiyo tairi yenyewe?" Tukatoka nje. Matairi yote mawili ya mbele yalikuwa yamelika ukingo wa ndani mpaka laini, na ukingo wa nje ulikuwa bado na meno. Mzee akasema, "Mtu akipiga kona kwa mbio, tairi inalika nje. Hii imelika ndani. Hii ni gari, si kijana."

Alikuwa na haki. Gereji ilikuwa imefanya alaimenti mara mbili, na kikundi kimelipa mara mbili, lakini hakuna aliyegundua kwamba viungo vya usukani vimekwisha. Gari likisimama, magurudumu yalionekana sawa. Likitembea, barabara inayasukuma nyuma, na kwa sababu viungo vimelegea, yanafunguka kuelekea nje. Basi kila safari ilikuwa inakwangua matairi.

Alaimenti ni kitu gani?

Ni kuweka magurudumu katika pembe zake. Kuna pembe tatu, na kila mwanakikundi anaweza kuzielewa.

Ya kwanza tuiite vidole. Fikiri mtu anayetembea vidole vya miguu vikitazamana, na mwingine ambaye vidole vyake vinatazama nje kama bata. Magurudumu nayo ni hivyo. Yakitazamana kupita kiasi, matairi yote mawili yanalika ukingo wa nje. Yakitazama nje, yanalika ukingo wa ndani.

Ya pili ni matege, yaani gurudumu kulala juu kuelekea nje au kuelekea ndani. Likilala nje, ukingo wa nje unalika. Likilala ndani, ukingo wa ndani unalika. Mara nyingi tairi moja tu ndilo linaloonyesha alama hii, na gari huvuta upande mmoja.

Ya tatu ni mwinamo, kama ule wa foku ya baiskeli. Mwinamo huo huisaidia baiskeli kwenda moja kwa moja hata ukiachilia mikono. Katika gari, ndio unaorudisha usukani wenyewe baada ya kona. Mwinamo wa kulia na wa kushoto usipolingana, gari huvuta upande. Tairi halionyeshi sana kosa hili, dereva ndiye anayelisikia mikononi.

Hasara inatoka wapi?

Vidole hupimwa kwa milimita. Kwa mfano, Land Rover za zamani za Series zinatakiwa umbali kati ya magurudumu upande wa mbele uwe mdogo kuliko upande wa nyuma kwa milimita 1.2 hadi 2.4. Huo ni kama unene wa sarafu tu. Pikapu yenu ina kipimo chake, kiko katika kitabu cha gari. Msikubali kipimo cha gari lingine.

Tupige hesabu. Tuseme tairi lina upana wa sentimita 65 kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, na vidole vimekosea milimita 6 kwa jumla. Kila gurudumu limekosea milimita 3. Basi kwa kila kilometa moja, ni kama kulikokota tairi ubavu mita 4 na nusu hivi. Soko likiwa kilometa 20, kwenda na kurudi ni karibu mita 180. Nani angekubali tairi lake jipya likokotwe ubavu karibu viwanja viwili vya mpira kila siku ya soko?

Kwanza kagueni, ndipo mnyoshe

Hapa ndipo vikundi vinapopoteza pesa. Alaimenti ni kazi ya mwisho. Ukinyosha gari lenye viungo vilivyolegea, umelipa bure. Fanyeni hivi kwanza:

1. Pimeni upepo wa matairi yakiwa baridi, na uwe sawa kulia na kushoto. Upepo ukiwa kidogo, tairi hulika kingo zote mbili. Ukizidi, hulika katikati. Matairi mawili ya mbele yawe ya saizi moja na aina moja.

2. Wekeni mawe nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma, inueni mbele kwa jeki, kisha tegemezeni gari kwa stendi au gogo imara. Mtu yeyote asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

3. Shikeni gurudumu kushoto na kulia, mlitikise. Likicheza, tazameni viungo vya tairodi. Kisha lishikeni juu na chini, mlitikise. Likicheza, mwambieni mwenzenu akanyage breki. Mchezo ukiisha, beringi ndiyo imelegea. Usipoisha, shida iko kwenye boljointi au kingpini.

4. Tazameni bushi za mikono ya chini, na springi za nyuma pia. Bolti ya katikati ya springi ikikatika, ekseli ya nyuma husogea na gari hutembea kimshazari kama kaa. Hapo hata mkinyosha mbele mara kumi hamtapona.

5. Gari likivuta upande, badilishaneni matairi ya mbele, la kulia liende kushoto. Kama mvuto nao umehama, ni tairi. Na baada ya safari, kama ringi moja ina joto kuliko nyingine, huenda breki ya upande huo inashika.

Kikundi tulichotaja kilibadilisha viungo vya tairodi pande zote mbili, kisha kikanyosha mara moja.

Mnaweza kupima wenyewe

Kupima vidole hakuhitaji mashine. Gari likiwa limeinuliwa, zungusheni gurudumu huku mkipaka chaki katikati ya tairi, kisha mchore mstari mwembamba kwa msumari ulioshikwa imara juu ya ubao. Fanyeni hivyo pande zote mbili. Shusheni gari mahali tambarare, usukani ukiwa sawa, mlisukume mbele mita chache ili magurudumu yakae. Sasa pimeni umbali kati ya mistari miwili upande wa mbele wa matairi, kwa urefu wa katikati ya ringi kutoka chini. Kisha pimeni upande wa nyuma kwa urefu ule ule. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo vidole vyenu. Kama umbali wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma, magurudumu yanatazama nje.

Kuna kipimo kingine cha kiganja. Pitisheni mkono juu ya meno ya tairi kwa upole, mkiangalia waya zilizotokeza zisiwakate. Kama mkono unateleza ukienda ndani na unakwaruzwa ukirudi nje, magurudumu yanatazamana kupita kiasi. Ikiwa ni kinyume, yanatazama nje.

Mkienda gereji, ulizeni

Matege na mwinamo vinahitaji vyombo vya gereji yenye mashine. Mjue pia kwamba katika Peugeot 504 na Land Rover tulizotaja, kinachorekebishwa ni vidole tu. Matege na mwinamo viliwekwa kiwandani. Vikipotea, kuna chuma kilichopinda au kilichokwisha, na dawa ni kubadilisha chuma hicho. Pikapu nyingine huruhusu pembe zote kurekebishwa, na zile zenye vyuma vya kusokota badala ya springi za mbele ni lazima kimo cha gari kiwekwe sawa kwanza.

Basi mwulizeni fundi maneno haya bila kuona haya: Umekagua viungo? Utatumia kipimo cha gari hili? Utatuonyesha vipimo vya kabla na vya baada? Fundi mwema hatakasirika. Akisema, "Mimi napima kwa macho tu," mshukuruni na mwende kwingine. Kama gari lina tairodi mbili, azizungushe kwa kiasi sawa kulia na kushoto, la sivyo usukani utakaa upande. Na kabla hamjaondoka, hakikisheni nati za kufunga tairodi zimekazwa. Nati ikilegea barabarani, hilo si jambo la tairi tena, ni maisha ya watu waliobebwa.

Halafu jaribuni gari mahali tambarare penye usalama. Liende moja kwa moja bila kupigana na usukani, na baada ya kona usukani urudi wenyewe. Andikeni vipimo katika daftari la gari pamoja na tarehe na kilometa. Kila mwisho wa mwezi, mweka hazina na dereva watazame matairi pamoja. Gari likiingia shimo kubwa au kugonga jiwe, lipimwe tena, msingoje mwisho wa mwezi.

Yule kijana bado ni dereva wa kikundi. Mkutano uliofuata, mama mweka hazina alisimama mbele ya wote akamwomba msamaha, naye akaupokea. Sisi pia tulimwomba. Tulijifunza kwamba ni rahisi kumkagua mtu kuliko kukagua gari, kwa sababu kumkagua mtu hakuhitaji kuinama. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika kikundi ufa wa kwanza huwa ni shaka. Basi tairi likiisha kabla ya wakati wake, tuiname kwanza tulitazame.