Nani Apewe Jukwaa, na kwa Lugha Ipi?

Mwaka 2009 shirika la TED la Marekani lilianza kutoa leseni, bila malipo, kwa watu waliotaka kuandaa mikutano ya hotuba mitaani mwao. Mikutano hiyo iliitwa TEDx, na mwaka huohuo mmoja ukafanyika Kibera, jirani ya Woodley. Waandaaji hujitolea, wasemaji hawalipwi, hotuba haizidi dakika 18, wala jukwaa halitumiwi kuuza bidhaa au kukipigia debe chama.

Masharti hayo ni ya busara, lakini hayajibu swali zito kuliko yote: nani achaguliwe? Aghalabu kamati humtaka mwombaji aandike muhtasari wa wazo lake, nasi Wakenya tukiambiwa tuandike, mkono hukimbilia Kiingereza. TEDx haikutulazimisha. Tumejifunga kamba wenyewe, na matokeo yake ni kwamba kamati hudhani inapima wazo ilhali inapima insha.

Tuutazame mfano wa Richard Turere, kijana Mmaasai aliyebuni taa za kumetameta ili kuwazuia simba wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi wasiwale ng'ombe wa kwao. TED ilimpata mwaka 2012, ilipokuwa ikisaka wasemaji katika miji 14, Nairobi ikiwamo. Chris Anderson, aliyekuwa akiiongoza TED, ameeleza kwamba Kiingereza cha kijana huyo kilikuwa cha kusitasita. Walimchagua hata hivyo, wakaketi naye kuipanga hadithi yake, na mwaka 2013, akiwa na umri wa miaka 13, akahutubu Long Beach, California. Je, kamati zetu zingempitisha?

Bunge la Mwananchi, lililoanza miaka ya 1990 katika Bustani ya Jeevanjee, lilifuata njia nyingine kabisa. Hapo hapakuwa na fomu wala muhtasari. Mwenye hoja alisimama akasema kwa Kiswahili, na hoja isiyo na mashiko ikapingwa papo hapo. Sisemi kwamba utaratibu huo hauna dosari, kwani katika baraza la wazi mwenye koo pana huweza kumfunika mwenye akili pana, na msichana mpole huondoka na wazo lake kifuani.

Basi mwalimu wa Woodley anayeandaa siku ya hotuba shuleni na achukue jema la kila upande. Kwanza amsikilize mwanafunzi ana kwa ana, kwa lugha anayofikiria kwayo: Kiswahili, Kinubi, hata Sheng (wanaokunja uso nawajua, wengine ni wenzangu katika isimu). Hoja ikishakubaliwa, ndipo waketi pamoja kuinyoosha lugha. Wala tusihofu kwamba wazo litakwama mtaani kwa kukosa Kiingereza. Tangu 2009 TED ina wafasiri wa kujitolea ambao huzitilia hotuba maandishi ya lugha nyingine, Kiswahili kikiwamo, na daraja hilo hupitika kutoka kila upande.