Karamu ya Mawakili na Karo ya Wanafunzi

Sisi harambee tunaijua. Kule Marekani, vyama vya mawakili Walatino, yaani wenye asili ya Meksiko, Puerto Rico, Cuba na kadhalika, nao huchangia karo za wanaosomea sheria. Lakini wao huchanga wakila chakula cha jioni, na tikiti moja yaweza kupita dola 100. Je, huyo ni kuku gani?

Tusidanganyike, bei ya tikiti si mchango wote. Tuseme tikiti ni dola 150, na chakula na ukumbi ni dola 60 kwa kila mgeni. Basi mwanafunzi atapata 90 tu, zile nyingine zimeliwa! Hata sheria ya kodi ya huko yalijua hilo. Ukilipa shirika la hisani zaidi ya dola 75 ukapewa chakula, ni lazima likuandikie thamani yake. Kinachobaki ndicho sadaka. Kwa hivyo waandalizi hodari hutafuta mapema kampuni za kununua meza nzima-nzima, au kulipia matangazo katika kijitabu cha sherehe, ili gharama zilipwe kabla mgeni wa kwanza hajaketi.

Mbona wajisumbue hivyo? Huko masomo ya uwakili ni miaka mitatu baada ya digrii ya kwanza, na wengi husoma kwa mikopo. Mtoto wa kibarua ataweza wapi?

Na bila mawakili wao, waliumia. Mwaka 1951, huko Texas, Pete Hernandez alishtakiwa kwa mauaji. Kesi iliamuliwa na jopo la raia, na katika wilaya ile hakuna mtu wa asili ya Meksiko aliyekuwa ameketi katika jopo kwa miaka 25. Mawakili Gus Garcia na Carlos Cadena, wenyewe wa asili hiyo, waliifikisha kesi kwa mahakama ya juu kabisa, Washington. Tarehe 3 Mei 1954 majaji wote tisa wakakubaliana nao. (Hernandez alishtakiwa upya akapatikana na hatia tena. Lakini safari hii wenzake walikuwa kwenye jopo.)

Mwaka 2009 Sonia Sotomayor, ambaye wazazi wake walitoka Puerto Rico, akawa jaji Mlatino wa kwanza katika mahakama hiyo hiyo. Naye chuoni Princeton alisoma kwa msaada wa masomo.

Katika karamu nyingi wanafunzi waliochaguliwa huitwa mbele, wakasema wanatoka wapi na wanasomea nini. Waliolipa wanawaona kwa macho yao.